Wimbo wa Begi Msumarini

Nilifika Mpanda kwa treni ya kutoka Tabora, nimekalia begi langu mwenyewe, kwa kuwa viti vya daraja la tatu vilijaa wakati mimi bado niko dirishani namweleza mkata tiketi jinsi treni zilivyokuwa nzuri zamani. Nilikuwa nimeshavuka arobaini. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimwonyeshe, kisanduku cha vifaa vya ufundi redio, na mfuko wa kaseti za bendi za zamani ambazo sikuwa na mashine ya kuzichezea. Mashine niliiuza Kahama ili nipate nauli ya kuzisafirisha kaseti.

Treni ile inatembea kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha relini. Kaliua tulisimama hadi watu wakashuka, wakapika uji, wakanywa, wakaosha sufuria. Baada ya hapo ni msitu, mizinga ya nyuki juu ya miti, kisha Mto Ugalla, kisha msitu tena. Mpango wangu ulikuwa kupita tu. Nilitaka nilale Mpanda, niende Karema, nione ziwa, halafu nifikirie. Karibu miji yote niliyowahi kuishi niliingia kwa mpango wa namna hiyo, na yote niliondoka kabla mambo hayajanoga. Geita niliondoka, ndipo wenzangu wa benchi moja wakafungua duka kubwa. Kigoma niliondoka, mwanamke niliyekuwa namvizia akatangaza kwamba alikuwa anasubiri niseme. Nina kipaji hicho.

Mbele yangu alikaa mama mmoja, simu ameifunga kwenye pindo la kanga, inaimba. Nilikuwa nasinzia. Niliamshwa na gitaa. Yalikuwa magitaa mawili, moja linauliza, jingine linachelewa kidogo kujibu, kama mtu anayefikiria kwanza. Juu yake sauti ya mwanamke ambaye hakuwa anahangaika kumpendeza yeyote. Katikati ya wimbo mbwa alibweka, na bendi ikaendelea kama vile hata mbwa alikuwa na zamu yake.

Nilimuuliza ni bendi gani. Akasema ni ya kwao, huko Usevya.

"Inaitwaje?"

"Sasa jina la nini, baba, na tunawajua?"

Aliurudia wimbo ule hadi simu ikazimika, na mimi nikashuka Mpanda nimeamua jambo. Maisha yangu yote nimewasikia watu wakisema walikuwepo bendi fulani ilipoanza, na mimi nimekuwa mtu wa kufika kaseti zikiwa zimeshakwaruzwa. Safari hii ningewahi. Ningeitafuta bendi hii, ningeitangaza, na ningekaa nione mwisho wake. Ziwa lingesubiri.

Nikapanga chumba mtaa wa Makanyagio, nikagongomea msumari ukutani, nikatundika begi. Benchi la kazi nililiweka kando ya kibanda cha mama mmoja anayeuza chai na mihogo ya kukaanga. Kazi yangu, fundi redio, siku hizi maana yake ni fundi sabufa, na mtu anayeleta sabufa huleta na flashi ya kuijaribia. Karibu kila flashi ilikuwa na wimbo ule, na kila nakala ilikuwa na mbwa. Nilikuwa nauliza kila mteja. Mama wa chai aliniita shemeji tangu wiki ya kwanza, ingawa sikuoa kwao. Alisema anasubiri nimwoe mdogo wake, na kwamba heshima huanza mapema. Siku moja aliniuliza kama kweli nilikuwa na akili timamu, mtu mzima, kuacha miji yote yenye umeme wa uhakika kwa ajili ya kufuata mbwa.

Nilikwenda Usevya baada ya mvua kuisha. Basi linapita katikati ya hifadhi, na humo mbung'o huingia kama abiria waliolipa. Nilimpiga mmoja akiwa juu ya shingo ya mtu wa mbele, ambaye hakumwona mbung'o bali alinihisi mimi tu, na tukasafiri bila kuzungumza hadi mwisho.

Niliwakuta wanapiga mpunga. Ndiyo bendi yenyewe: wanaume wanne na mwanamke mmoja, wote vumbi la makapi hadi kwenye kope. Mkubwa wao, mpiga gitaa, alikuwa na vidole vinene ambavyo usingedhani vinaweza kubonyeza hata simu. Mwimbaji alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu wa maneno machache. Nilikuja kujua baadaye kwamba mashairi yote ni yake. Nikawapa hotuba niliyoiandaa kwenye basi, kuhusu vipaji, kuhusu redio, kuhusu Mwanza na Dar es Salaam. Waliendelea kupiga mpunga. Nilipomaliza, mpiga gitaa akaniuliza:

"Mgeni, una shughuli gani?"

Nikasema sina shughuli, nataka tu kuwasikia.

"Sasa tutakupigia nini, na hatujui umefikwa na nini?"

Hapo ndipo nikaelezwa kanuni yao, na ilichukua muda kuingia kichwani mwangu, maana nilikuwa nimekuja kufundisha. Bendi ile haipigi wimbo hivi hivi. Mtu akiwa na harusi, ubatizo, kuingia nyumba mpya au kumaliza msiba, wanamtungia wimbo wa jambo lake. Ukishapigwa, mwenye shughuli anatoa jogoo, na kuanzia hapo wimbo ni wa nyumba ile. Wakitaka kuupiga tena mahali pengine popote, wanakwenda mlangoni kwa mwenyewe, wanavua kofia, wanaomba. Akikubali, sawa. Akikataa, wanashukuru na kuondoka. Ndivyo baba zao walivyokuwa wakifanya na zeze. Hawa waliongeza magitaa, betri ya gari na spika, lakini kanuni hawakuigusa.

Kwa hiyo nyimbo zao zote nzuri zilikuwa zimelala ndani ya nyumba za watu, Mpimbwe nzima, eneo lao lote. Nikauliza, je, mtu wa mbali akitaka kusikia? Wakasema aende kwa mwenyewe. Nikauliza kama hawataki kujulikana. Mpiga gitaa akasema anajulikana. Alikung'uta makapi kwenye mikono, halafu akasema jambo moja kwa sauti ya chini, kana kwamba ni la aibu:

"Ila ningependa mara moja tu, nisikie gitaa langu redioni, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika jembe."

Nikamwahidi palepale. Mimi huahidi kama watu wengine wanavyopiga chafya.

Kukodi studio haikuwa shida. Mjini kulikuwa na jamaa mwenye chumba alichobandika trei za mayai ukutani ili sauti isitoke. Shida ilikuwa milango. Kila nilipopata nafasi nilikwenda Usevya, na mimi na mpiga gitaa tulizunguka kwa pikipiki kuomba nyimbo. Mlango wa kwanza, mwenye wimbo alikuwa amehamia Mishamo. Tukamfuata Mishamo, tukaambiwa amekwenda kununua maharage, hakuna ajuaye wapi. Mlango wa pili, maharusi walikuwa wameachana, na kila mmoja akadai wimbo ni wake. Mume alikubali ili kumuudhi mke, mke akakataa ili kumuudhi mume. Mlango wa tatu ulikuwa wa mzee wa Kisukuma aliyekuja zamani na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Alitupokea vizuri, akatupa maziwa, akaruhusu, kwa sharti kwamba wasikate hata neno. Wimbo wake unawataja ng'ombe wake wote, mmoja mmoja, kwa rangi. Jamaa wa studio aliposikia urefu wake alisema redio haina kipindi cha namna hiyo, na kwamba hata mnada ni mfupi zaidi.

Wimbo wa mbwa niliuacha wa mwisho, maana ndio ulionileta. Mwenyewe alikuwa mama mwenye mashine ya kusaga. Ulitungwa kwenye harusi ya binti yake, na yule binti hakumaliza mwaka baada ya harusi. Alifariki kwenye uzazi. Hilo sikulijua hadi tulipofika mlangoni. Mpiga gitaa alilijua, na bado alinipeleka, kwa kuwa niliomba. Akavua kofia, akaomba kwa maneno machache. Mama alituangalia, uso mweupe kwa unga.

"Huo unapigwa hapa uani kwangu, mara moja kwa mwaka, siku aliyoolewa," alisema. "Siku nyingine sitaki kuusikia. Sasa nyie mnataka niusikie kwenye kila bodaboda?"

Mimi, kwa busara yangu, nikamwambia mbona watu tayari wanao kwenye simu.

"Hao waliiba," akasema. "Hata yule mbwa ni wangu."

Mpiga gitaa akashukuru, akavaa kofia, tukaondoka. Njiani hakunilaumu. Angenilaumu ningejisikia vizuri zaidi. Jioni hiyo, wakati nakunywa chai uani kwa mpiga gitaa na kulalamika kwamba bendi nzima haina hata wimbo mmoja wa kwake yenyewe, yule mwimbaji aliinua kichwa kutoka kwenye mchele aliokuwa anachagua, akasema basi na wewe fanya shughuli. Ukiwa na wimbo wako, utaupeleka unakotaka.

Ilikuwa rahisi hivyo, na sikuwa nimeiona. Nikarudi mjini nikamshirikisha mama wa chai, tukatafuta shughuli yangu. Harusi haikuwepo. Ubatizo, sikuwa na mtoto. Nikasema labda msiba.

"Subiri kidogo, shemeji," akasema, akigeuza mihogo.

Mwishowe tukakubaliana iwe kuingia nyumba, ingawa nyumba ni chumba cha kupanga na nilikuwa nimeshaingia tangu mwaka juzi. Mama wa chai alipika pilau. Bendi ilikuja juu ya lori la mchele, ikashusha betri na spika uani, majirani wakajaa. Kabla ya kupiga, mwimbaji aliomba aone chumba. Aliingia, akasimama, akatazama kitanda, kisanduku cha vifaa, mfuko wa kaseti, na begi langu kwenye msumari, zipu imefungwa, limejaa. Aliligusa kidogo kwa kidole likayumba. Akatoka, akawanong'oneza wenzake.

Magitaa yakaanza, moja linauliza, jingine linachelewa. Nilifumba macho kama mtu mwenye mali. Kisha akaimba:

*Begi lipo msumarini, mwenyewe yupo kitini,*
*mguu mmoja uko ndani, mmoja unasikiliza treni.*
*Katengeneza sabufa za mji mzima, zote zinalia,*
*akiulizwa nyumbani ni wapi, anakohoa.*

Watu walicheka hadi wengine wakashika ukuta. Mimi nilikohoa, kwa bahati mbaya kabisa, wakacheka upya. Uliendelea beti nyingi. Kaseti zilikuwemo. Mbung'o wa kwenye basi alikuwemo, sijui nani aliwaambia. Na wimbo ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniuma. Ulikuwa mzuri kuliko ule wa mbwa. Nilitoa jogoo, wakapokea, na kuanzia hapo wimbo pekee wa bendi ile ambao ningeweza kuupeleka duniani ulikuwa unaotangaza kwamba mimi ni mtu wa kutokaa.

Nilifikiria kuuficha. Nilifikiria kwa siku kadhaa, nikitazama begi, ambalo sasa nalo lilikuwa linanitazama. Niliwaza kumwomba mwimbaji abadilishe fundi awe seremala. Lakini nilikumbuka jembe na redio, nikawapeleka studio. Walirekodi kati ya trei za mayai, jamaa wa studio akarudia mara chache tu, na redio ya mjini ikapokea. Mtangazaji alituambia ungepigwa Jumamosi asubuhi, kipindi cha wakulima.

Ijumaa nilikwenda Usevya na redio ndogo ya mfukoni niliyoitengeneza mwenyewe. Asubuhi tukagundua kwamba mawimbi ya redio ya mjini hayafiki shambani kwa mpiga gitaa. Nikahangaika na waya wa shaba, nikaufunga kwenye mti, nikaushika kwa meno, hakuna. Mwishowe nikapanda kichuguu kirefu kilichokuwa pembeni ya majaruba ya mpunga, nikainua mkono wenye waya, na sauti ikaja. Kwa hiyo nilisimama juu ya kichuguu, mkono juu, siafu wananipanda miguuni, mtu mzima mwenye cheti, na wimbo wangu mwenyewe ukiniimba kutoka mfukoni.

Mpiga gitaa alikuwa chini, ameshika jembe kama alivyotaka. Hakulima. Aliliegemea, kichwa kimeinama, akisikiliza hadi noti ya mwisho. Mtangazaji alipoingia na habari za mbolea, akainua uso.

"Gitaa la pili limewahi sana pale katikati," akasema. Kisha: "Rudisha."

Nikamwambia redio hairudishwi. Alinitazama kama mtu niliyemuuzia baiskeli isiyo na mnyororo. Halafu akaanza kulima, na nilipokuwa nashuka nikaona anatabasamu na udongo.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo safari ya umaarufu ilipoanza. Wimbo ulipendwa. Ulipigwa Mpanda, ukapigwa Kapalamsenga kwenye mitumbwi ya dagaa, nikaambiwa. Jamaa mmoja wa Mwanza anayesimamia wanamuziki alinipigia simu, sauti yake ina haraka, akasema hiki kitu kikali, nimtumie nyingine za kutosha albamu. Nikamweleza kanuni. Akauliza kama hao watu hawawezi kutunga tu nyimbo za mapenzi, zisizo za mtu. Nikampelekea mpiga gitaa swali hilo, naye akalifikiria kwa heshima yote, akasema wangeweza, ila mapenzi ya nani? Nilipompigia tena yule jamaa wa Mwanza, alisema atanitafuta. Bado ananitafuta.

Mjini, aliyepata umaarufu ni mimi. Nikipita sokoni, wauza nyanya wananiuliza begi hajambo. Wateja waliacha kuniachia sabufa zao zilale kwangu, wakihofia ningeondoka nazo. Wauza tiketi wa mabasi walinipungia mkono hata nikiwa nakwenda kununua sabuni. Mwanzoni nilicheka nao. Kisha usiku mmoja treni ikapiga honi kule stesheni, nikajikuta nimekaa kitandani mguu mmoja chini, kama wimbo ulivyosema, na nikajua mwimbaji hakuwa anatania. Alikuwa anasoma tu kilichokuwa ukutani. Sina sababu nyingine ya kueleweka ya kuondoka. Nilichokitafuta nilikuwa nimekipata, kilianza, nikakiona hadi mwisho, na mwisho wake ulikuwa mfupi kuliko nilivyopanga.

Siku ya kuondoka nilishusha begi. Sikuhitaji kupanga kitu. Nilikwenda kwenye kibanda kumuaga mama wa chai, nikamkuta mpiga gitaa amekaa pale kwenye benchi, amekuja na lori la mchele la alfajiri, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kuniaga. Alikuwa amekuja kikazi.

"Mgeni, unaondoka na mlango?" akauliza. "Sisi tukitaka kuupiga, tukaombe wapi? Kwenye behewa?"

Nikamwambia waupige popote, siku yoyote, nimewaruhusu moja kwa moja. Nilijiona mkarimu sana. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeambiwa apande mpunga barabarani. Akasema jambo hilo halijawahi kufanyika. Wimbo usio na nyumba hawataweza kuupiga, mikono itakataa. Kwa hiyo nikiondoka hivyo, wimbo pekee ambao amewahi kujisikia nao redioni ungekuwa umekufa mikononi mwake. Hakusema hivyo. Alikuwa anaizungusha kofia tu.

Mama wa chai alikuwa anageuza mihogo.

"Nipeni mimi," akasema bila kugeuka.

"Kibanda chako hakina mlango," nikamwambia.

"Mimi natosha kuwa mlango. Na nitawakatalia vizuri tu wakija kichwa kichwa."

Mpiga gitaa akakubali haraka, nikaona mabega yake yanashuka. Lakini wimbo hauhami bila jogoo, na treni ilikuwa inakaribia kuondoka, kwa hiyo nilikimbia sokoni na begi mgongoni, nikakimbizana na jogoo mbele ya wauza nyanya walewale, wakiniimbia ubeti wa kwanza. Nilirudi nahema. Mpiga gitaa akampokea, akambana kwapani, akatutamkia maneno ya kukabidhi, na wimbo ukawa wa nyumba ya mama wa chai.

"Na kwenye simu?" mama akaniuliza.

"Kwenye simu nini?"

"Si umeutoa? Mtu hatoi kitu akabaki nacho."

Nilimtazama mpiga gitaa anisaidie. Alikuwa anamtazama jogoo. Nikaitoa simu, nikaufuta wimbo mbele yake, akachungulia kuhakikisha. Ndipo nikajaribu ujanja wangu wa mwisho Mpanda. Nikamwambia basi, kama mwenye wimbo mpya, naomba anirushie nakala moja ya safari.

Akanifungia mihogo kwenye gazeti, akanikabidhi, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji, wimbo unaombwa nyumbani kwangu," akasema. "Sasa hivi sipo nyumbani, nipo kazini. Rudi siku nyingine."

Sijarudi, na sitarudi, najijua. Siku ile nilipata kiti, kwa kuwa nilinyamaza dirishani. Begi nikaliweka magotini. Tulipokaribia Katumba nikajisikia naupiga wimbo kwa mluzi, nikakumbuka sijaomba, nikanyamaza.